Mrangi Aliyenipeleka Tabora

Kila mnaponikuta pale hotelini Maisaka mnaniuliza, "Baba Tluway, ilikuwaje huko Tabora?" Na kila nikianza kueleza, mtu ananikatiza kwa habari kwamba duka fulani limeshusha sabuni, nanyi nyote mnakimbilia foleni. Kwa hiyo nimekaa nikaandika. Atakayebisha abishe nikimaliza.

Wengi wenu mnanijua kama mkulima wa mbaazi wa Bagara anayependa ubishi. Kabla ya mbaazi nilikuwa mchochezi wa injini za mvuke kule Tabora kwa miaka kumi na minne. Dereva anashika mvuke na breki, mchochezi anashika moto na maji, na nasema bila haya kwamba wachochezi waliojua moto kuliko mimi walikuwa wachache, na sikumbuki majina yao.

Injini tulizozipenda zaidi tuliziita Makabila. Tangu ukoloni kila moja ilikuwa na kibao cha shaba ubavuni chenye jina la kabila: huyu Mgogo, huyu Mnyaturu, huyu Msukuma. Baadaye vibao viling'olewa, majina yakabaki midomoni mwetu. Wangu mimi alikuwa Mrangi. Nilimchochea miaka tisa chini ya dereva mmoja, Mzee Ramadhani.

Sasa Ramadhani akaniandikia barua. Vichwa vya dizeli pale karakana vimelala, alisema, vinasubiri vipuri, na vipuri vinasubiri fedha za kigeni. Meneja ameruhusiwa kufufua injini moja ya mvuke ivute mabehewa uwanjani na kwenda mpaka Kaliua ikibidi. Moja tu. Nyingine zote zitakatwa ziwe chuma chakavu. Meneja mwenyewe ni kijana wa dizeli, mvuke haujui, kwa hiyo amewaita wazee waje Alhamisi asubuhi wamwambie iliyo bora. Barua iliishia hivi: "Mrangi yuko hai kwenye orodha. Njoo umtetee, peke yangu watanizidi kelele."

Mke wangu aliisoma kisha akanitazama. "Wenzako wanatafuta sukari, wewe unamtafuta Mrangi." Lakini alinifungia maandazi ya safari, akachomoa chini ya godoro mche mzima wa sabuni nimpelekee mke wa Ramadhani. Mnajua mche wa sabuni mwaka huu ni kitu gani. Basi jueni na mke niliye naye.

Habari za barua ya ruhusa na tiketi naziruka. Hazina utamu.

Babati mpaka Kondoa

Lori lilikuwa la mahindi, na dereva aliahidi tungeondoka saa moja asubuhi. Tuliondoka saa moja kweli. Tulifika Bonga, tukasimama mpaka saa nane, kwa sababu dizeli iliyotupeleka Bonga ndiyo dizeli yote iliyokuwapo. Shemeji yake dereva alikuwa anakuja na debe kwa baiskeli.

Tulikaa juu ya magunia, abiria sita, tukiiangalia barabara ya Dodoma kama watu wanaosubiri harusi ipite. Nikaona ni nafasi ya kumwelimisha dereva. Nikamwambia injini ya mvuke haijui kukosa dizeli. Inakula mafuta mazito, inakula makaa, inakula kuni, hata mabua ya mahindi inakula ukiwa na subira.

"Sawa mzee," akasema. "Na hilo lori la mvuke liko wapi, tupande?"

Nikageuka kuangalia kama shemeji anakuja.

Debe lilifika, tukaenda. Kondoa tuliingia jioni, mifupa yote ikilalamika. Nikaingia hoteli ya mama mmoja pale stendi, mama mnene mwenye sauti ya kuamuru. Alikuwa na ugali wa unga wa njano na mlenda, na chai isiyo na sukari, ambayo aliitaja hivyo hivyo ubaoni, CHAI BILA, ili mtu asije akalalamika.

"Unatoka Babati unakwenda wapi, baba?"

"Tabora. Namwahi Mrangi. Wanataka kumkata Alhamisi."

Mwiko ukasimama hewani. "Kumkata? Mrangi wetu?"

"Labda nimwokoe. Wazee wameitwa kikao."

"Kafanya nini jamani?"

"Hajafanya kitu. Amezeeka tu, na hawana mafuta."

Mama yule akakaa. Akaita watu wawili wa jirani waje wasikie dunia ilipofika. Akaniongezea ugali, akaniongezea mlenda, akaleta na kipande cha nyama ambacho naamini kilikuwa chake mwenyewe, akaniambia nile nipate nguvu za kumsemea ndugu yao. Nakiri mbele yenu: nilimaliza kula ndipo nikaeleza kwamba Mrangi ni injini. Alichukua sahani yangu, akaitazama ilivyosafishwa. Kisha akasema nimwokoe hata hivyo, maana nyama imeshaliwa.

Dodoma na Mwalimu Ndahani

Kutoka Kondoa mpaka Dodoma nilipata basi, na siwaelezi, kwa sababu nililala. Shida ilianza stesheni. Treni ya kutoka Dar es Salaam ilikuwa ifike Jumanne, ikafika Jumatano saa nne asubuhi, na hakuna aliyeshangaa isipokuwa mimi niliyekuwa nahesabu saa zangu. Kikao kilikuwa Alhamisi saa mbili.

Kwenye benchi la stesheni nilimkuta mwanamume wa makamo, miwani imefungwa kwa uzi, anaandika namba za mabehewa kwenye daftari. Nikadhani ni karani. Kumbe ni mwalimu wa hesabu, Mwalimu Ndahani, Mgogo wa kwao Kikombo. Baba yake alikuwa mlinzi wa tangi la maji la reli, na yeye tangu utoto anaandika namba za kila kichwa kinachopita. Alikuwa na madaftari kumi na moja nyumbani. Nilipomwambia ninakokwenda na kwa nini, akafunga daftari, akasema alikuwa anakwenda Manyoni tu kumwona dada yake lakini dada anaweza kungoja.

Nilifurahi mno. Furaha ilidumu mpaka alipofungua mdomo tena, kwa maana alikuwa mtu wa Garati.

Garati, kwa ninyi wa mbaazi, ni injini ndefu ya ajabu: boila moja katikati, na seti mbili za magurudumu ya kuvuta, moja mbele, moja nyuma. Inapinda kwenye kona vizuri na mlima inaupanda, hilo siwezi kukataa. Lakini maji na mafuta yake vimekalia juu ya magurudumu yenyewe, kwa hiyo kadiri inavyovitumia ndivyo inavyokuwa nyepesi na kuteleza. Makabila yanavuta behewa lao la maji nyuma, na uzito wa injini haubadiliki. Jambo hili ni wazi kama mchana. Mwalimu Ndahani hakuliona.

Tulipanda, tukapata viti vinavyotazamana, tukabishana tangu treni inaondoka Dodoma. Behewa lilikuwa limejaa, watu wanasikiliza. Mnajua sauti yangu.

"Mrangi ana tumbo," nikasema. "Akinywa Tabora hatafuti maji tena, nchi kavu yote anaivuka. Huyo Garati wako ni wa kubembelezwa."

"Mrangi mlimani anahema," akasema Mwalimu. "Na Mgogo vile vile. Makabila yote yana udhaifu huo."

"Mgogo hahemi akilishwa vizuri. Wagogo wengi walilishwa ovyo, ndiyo sababu walichoka mapema."

"Hata wakilishwa, nguvu hawana."

"Nguvu wanazo. Kabila bora ni Mrangi, wa pili Mgogo. Hao wengine wangekatwa zamani, wanatuharibia nafasi."

Hapo nikatambua kwamba behewa limenyamaza. Mama mmoja alikuwa amemziba mtoto masikio. Bwana wa dirishani mwenye suti ya Kaunda, ambaye hakusema neno tangu Dodoma, alinyanyuka akaelekea walikokaa askari.

Kituo nisichokitaja

Kituo tulichoshushiwa ni mbele ya Manyoni, na jina lake nalihifadhi kwa heshima ya wenyeji. Askari wawili walitusindikiza hadi ofisi ya katibu wa tawi, chumba chenye meza moja na kalenda ya mwaka uliopita. Katibu alikuwa mtu mpole, shati limepigwa pasi, na alionekana kuogopa kutuachia zaidi ya alivyoogopa kutushika. Nje treni ilikuwa bado imesimama. Mimi sikuogopa kufungwa. Niliogopa Alhamisi, na nilikuwa na hasira.

"Jina?"

"Yohana Gwandu. Baba Tluway."

"Kabila?"

"Mwiraqw."

"Kazi?"

"Sasa mkulima. Zamani mchochezi."

Kalamu ikasimama. "Rudia hapo."

"Mchochezi. Miaka kumi na minne."

"Ulikuwa unachochea wapi?"

"Tabora mpaka Kigoma. Mara nyingine mpaka Dodoma."

"Kwa amri ya nani?"

"Ya serikali."

Katibu akaweka kalamu chini, akamtazama askari, askari akatazama kalenda. Mwalimu Ndahani akaona aokoe jahazi. "Ndugu Katibu," akasema kwa sauti ya darasani, "haya makabila tuliyoyataja tuyaelewe kwa ubora wa miundo yao, si kwa chuki." Nilimkanyaga mguu, lakini alikuwa ameshasema.

"Kwa hiyo mnakubali kwamba yapo makabila bora," akasema Katibu, akaandika. "Na huyu Mrangi mnataka apewe nini?"

"Hatutaki apewe kitu," nikasema. "Tunataka asikatwe. Mrangi ni injini. Ni kichwa cha treni."

"Na Mgogo?"

"Kichwa cha treni."

"Na wewe Mwiraqw?"

"Mimi ni mtu."

Nje firimbi ikapulizwa. Nilisikia behewa la kwanza likivutwa, la pili, la tatu, ule mshtuko unaopita kutoka mwanzo wa treni mpaka mwisho, sauti niliyoipenda maisha yangu yote, na siku ile niliichukia. Nilikaa kwenye sakafu ya ofisi ya watu kama mtoto. Katibu akaona haya kidogo, akamtuma askari amlete Mzee Saidi, aliyefanya kazi genge la reli pale kituoni tangu enzi za mkoloni, aje atoe ushahidi.

Mzee Saidi alikuja na jembe begani.

"Shikamoo mzee," akasema Katibu. "Unamjua mtu anayeitwa Mrangi?"

"Marahaba. Namjua sana. Alikuwa anapita hapa Jumanne na Ijumaa. Aliniulia ng'ombe."

Katibu akainama kuandika haraka. "Alimuua kwa ugomvi gani?"

"Ugomvi upo wapi? Ng'ombe alilala relini."

Kalamu ilibaki pale pale. Kisha mabega ya Katibu yakaanza kutikisika, akafunika uso kwa mikono, akacheka mpaka akatoa leso. Alichana karatasi ile mbele yetu. Alituomba radhi kama mtu mzima, na kwa kuwa treni nyingine haikuwapo, alitupeleka nyumbani kwake tukala ugali wa njano na maharage. Katikati ya kula akauliza, kwa sauti ya chini, mkewe asisikie: "Hivi kweli, kati ya huyo Mrangi na hiyo Garati, ipi yenye nguvu?" Ubishi ukaanza upya, watu watatu sasa.

Alfajiri alitupandisha yeye mwenyewe kwenye treni ya mizigo iliyobeba chumvi, tukakaa na gadi kwenye behewa lake la nyuma. Treni ya mizigo haina haraka na mtu. Saa mbili ilipopiga tulikuwa bado porini, tumesimama, tunapisha. Mwalimu Ndahani hakusema kitu juu ya Garati saa nzima ile, na nilimshukuru moyoni.

Tabora, karakana

Tuliingia Tabora saa tisa mchana. Nilikimbia kutoka stesheni mpaka lango la karakana, umri wangu mnaujua, kapu mkononi, Mwalimu nyuma yangu ameshika miwani. Pale langoni alikuwa amesimama Mzee Ramadhani, amekonda, kofia ile ile.

"Shikamoo."

"Marahaba. Umechelewa saa saba."

"Wamemaliza?"

"Wamalize vipi na mimi nipo? Nimewaonyesha kila gurudumu la kila injini. Nimewaeleza habari ya kila gurudumu. Wawili wamelala. Ingia."

Uwanjani nyuma ya karakana zilikuwa injini tatu zilizobaki kwenye orodha: Garati mmoja, Mgogo, na Mrangi. Nilimwona Mrangi kabla sijawaona watu. Kutu ilikuwa imemla huku na huku, lakini rangi yake nyeusi ilikuwa bado ipo ubavuni, na niliwasalimu wazee wenzangu sita nikiwa nalia, siwafichi. Meneja, kijana mwembamba mwenye adabu, alinipa shikamoo, akasema wamebaki kunisikiliza mimi.

Mwalimu Ndahani aliomba naye aseme, akaruhusiwa, na aliisemea Garati vizuri kuliko wote waliosema tangu asubuhi. Alikuwa na tarehe, alikuwa na namba, alikuwa na idadi ya mabehewa. Wazee watatu walikuwa upande wake. Nikaona Meneja anatikisa kichwa kukubali.

Nikasimama. Sikusema habari ya nguvu, kwa sababu nguvu Garati anayo. Nilimuuliza Meneja swali moja.

"Mwanangu, dizeli zako zimelala kwa sababu gani?"

"Vipuri, mzee."

"Garati wako wangapi hapa?"

"Mmoja."

"Likipasuka bomba lake moja, utalitoa wapi? Ukimfufua huyu, umefufua yatima. Makabila wapo wawili, na waliumbwa sawa. Nati ya huyu inaingia kwa huyu. Pampu ya huyu inafanya kazi kwa huyu. Chagua mmoja aishi, mwingine awe duka lake la vipuri. Hutaomba fedha za kigeni kwa mtu yeyote. Na sanduku lao la moto ni pana, mafuta mazito yakikosekana utawalisha kuni za miombo, na kuni Tabora zipo."

Nilikaa. Meneja aliandika kwa muda. Mwalimu Ndahani alivua miwani, akaifuta, akasema mbele ya wote kwamba hesabu hiyo ni sahihi. Mtu mwungwana yule. Ramadhani alinipiga bega. Nilikuwa nimeshinda, na ninyi mnajua nikishinda ninavyokuwa. Nilianza kueleza upya mambo ambayo tayari yalikuwa yamekubaliwa.

Ndani ya sanduku la moto

"Sasa nani aishi," akasema Meneja, "Mrangi au Mgogo?"

Wazee wote wakanielekea wakicheka, kwa maana jibu walilijua. Hata Meneja alikuwa ameshaelekea huko. Mabomba ya Mgogo yalivuja sehemu nyingi, ya Mrangi sehemu chache. Magurudumu ya Mrangi yalikuwa mazima zaidi. Kwa nje Mrangi alimshinda mwenzake kwa kila kitu.

"Mzee Yohana," akasema, "wewe ndiye uliyemchochea. Ingia uangalie sanduku la moto, ukisema liko sawa naandika Mrangi."

Tochi ilikuwapo, betri hazikuwapo, nikapewa koroboi na nyundo ndogo. Niliingia kwa mlango wa moto, mabega yakinibana, nikasimama ndani mahali nilipokuwa naona miali tu. Nikainua koroboi juu.

Kuna siku moja, tunatoka Kigoma na mzigo mzito, nilikuwa nabishana na Ramadhani. Tulikuwa tunabishana habari hizi hizi, Garati na Makabila. Kazi yangu ni kutazama kioo cha maji kinachoonyesha maji yaliyomo kwenye boila. Sikukitazama. Maji yakashuka, bati la juu la sanduku la moto likabaki kavu juu ya moto, na kizibo cha madini ya risasi kilichowekwa kwa ajili hiyo kikayeyuka, mvuke ukamwagika ndani ukauzima moto. Kizibo ndicho kilichotuokoa. Ramadhani aliandika kitabuni kwamba kizibo kilikuwa kibovu. Kama angeandika ukweli, ningefukuzwa kazi wiki ile ile, na mwanangu Tluway alikuwa hajatimiza mwezi. Kiliwekwa kizibo kipya, tukaendelea na safari zetu. Mimi na yeye hatukuzungumza tena jambo lile.

Bati lilikuwa limebonyea. Mtu asiyejua asingeliona kwa koroboi. Mimi nililipapasa kwa kiganja, mbonyeo mpana kama sinia, na pembeni mwake nyundo ilitoa sauti tofauti. Kwa moto mdogo lingeweza kukaa miaka. Kwa mzigo mzito wa kwenda Kaliua, pamoja na vijana ambao hawajawahi kuchochea mvuke, sikujua. Hilo ndilo neno lililonimaliza. Katika mambo yote ya injini hizi, hilo moja sikulijua.

Nilikaa mle ndani muda mrefu kiasi kwamba mtu aliita kuuliza kama nimezimia. Ningeweza kutoka na kusema liko sawa. Nilitaka kusema hivyo kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote, na Mrangi angeishi kwa neno langu.

Nilitoka, uso mweusi, nikawaambia Mgogo. Meneja akauliza kwa nini, nikaeleza mbele ya watu wote, pamoja na ubishi, kioo, na kizibo. Nilisema kosa lilikuwa langu. 

Meneja akamgeukia Ramadhani. "Mzee, ulijua?"

"Nilijua."

"Na umekaa hapa tangu saa mbili unamsifia Mrangi?"

Ramadhani alivua kofia. "Nilimsubiri aje," akasema. "Boila lilikuwa lake. Nilijiambia akija atasema, na asiposema nitajua nilimwokoa mtu gani."

Nilikwenda nyuma ya Garati nikakaa peke yangu. Mwalimu Ndahani alinifuata, akakaa kando, akanipa maandazi yangu mwenyewe aliyoyakuta kapuni. Baada ya muda akasema, kwa upole, kwamba yeye alikuwa amekuja kuitetea Garati, na sasa atarudi nyumbani kuwaambia watu kwamba aliyeshinda ni Mgogo, na Kikombo nzima itadhani alikwenda kwa ukabila. Nikacheka, nikajikuta nimecheka kweli.

Mita mia nne

Nilikaa kwa Ramadhani siku tisa, na Mwalimu naye. Mkewe aliupokea ule mche wa sabuni kwa mikono miwili, akaukata vipande vinne, kimoja akampa jirani hapo hapo. Chai yao ni bila sukari kama yenu, ila wanatia asali ya porini, na nawaambia mkionja hamtapanga foleni tena.

Siku hizo tulifanya kazi. Kila kilichotoka kwa Mrangi nilikitoa mimi. Meneja alitaka kuweka mafundi, nikamwambia hapana. Mabomba mazima, pampu ya kusukuma maji, koki, nati ambazo nilizifunga mwenyewe zamani na zikanijua mkono. Nilizipaka mafuta, nikazipitisha kwa Ramadhani, Ramadhani akazifunga kwa Mgogo. Kila kitu kiliingia. Sikusikia fahari niliyotegemea kusikia, lakini kiliingia, na hakuna kilichohitaji hata msasa.

Siku ya nane mchana tulimwashia Mgogo moto. Wazee wote walikuja, na vijana wa dizeli, na wake za vijana wa dizeli. Mshale wa kipimo cha mvuke ulipanda polepole, boila likaanza kuimba kama sufuria ya maharage, na Ramadhani alipofungua mvuke, Mgogo akasogea. Meneja alikuwa akipiga makofi kama mtoto wa shule. Mwalimu Ndahani aliandika namba yake kwenye daftari, ingawa alikuwa nayo tangu utoto.

Siku ya tisa mafundi walikuwa tayari na mitungi ya gesi ya kukatia chuma kwenye njia ya chakavu, mwisho wa uwanja. Dizeli ya kusogeza kitu haikuwapo. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya Mgogo ilikuwa kumsukuma Mrangi mpaka kule. Ramadhani alinitazama, akasema vijana wanaweza kuchochea umbali huo, nishuke kama nataka, hakuna atakayenisema.

Sikushuka. Ni kama mita mia nne. Watu walikuwa wamejipanga pembeni, nilisikia mtu akiita jina langu, na Ramadhani alisema kitu juu ya Garati, nadhani alitaka nibishe. Sikujibu, wala sikutazama mbele kumwona Mrangi akisimama. Nilikuwa natazama kioo cha maji, kutoka mwanzo mpaka mwisho.